Uhamishaji Usukani

Uhamishaji usukani ni kazi ya kulitoa gari katika mpango wa usukani wa kushoto na kuliweka katika mpango wa usukani wa kulia, au kinyume chake, ili lilingane na upande ambao magari hupita katika nchi linakokwenda. Kazi hii inajulikana zaidi kwa magari ya zamani ya Marekani, kama Ford Mustang na Chevrolet Impala, yanayonunuliwa na wapenzi wake Australia na New Zealand.

Istilahi imejengwa kwa kitenzi “hamisha” kwa sababu “kubadilisha usukani” humaanisha kutoa uliochakaa na kufunga mwingine palepale. “Usukani” nalo ni neno la vyombo vya baharini, na tangu huko hutaja kifaa cha kuongozea chombo, si duara la kushikwa mkononi tu. Upana huo unafaa, maana kinachohamishwa ni mfumo mzima. Inafaa pia kusema “gari la usukani wa kushoto” badala ya “gari la mkono wa kushoto”. Usemi huu wa pili una utata: Australia magari hupita mkono wa kushoto, ilhali usukani wake uko kulia.

Si kila gari lenye jina la Kimarekani linahitaji kuhamishwa usukani. Katika miaka ya 1960, General Motors ya Canada ilipeleka Australia vipande vya Chevrolet na Pontiac vilivyokusudiwa usukani wa kulia, vikaunganishwa hukohuko. Mustang haikuwa hivyo. Ilizinduliwa Aprili 1964 ikiwa na usukani wa kushoto tu, na Ford ya Australia ililazimika kuzihamisha usukani takriban 200 katika kiwanda chake cha Homebush, Sydney. Mustang za usukani wa kulia zilianza kutoka kiwandani Marekani mwaka 2015.

Kazi huanzia kwenye boksi la stiaringi, lililofungwa kwenye fremu upande wa kushoto. Boksi hilo haliwezi kufunguliwa na kufungwa kulia hivihivi. Fundi akiligeuza juu chini ili likae upande wa pili, mkono wa boksi utasukuma kinyume: dereva akikata kulia, matairi yataelekea kushoto. Kwa hiyo hutafutwa boksi lililoundwa kwa ajili ya upande wa kulia, pamoja na fito za kuunganisha matairi zilizopangwa upya. Mara nyingi hata bomba la moshi linalotoka kwenye injini hubadilishwa, kwa kuwa linapita mahali boksi jipya linapotakiwa kukaa.

Hatua inayofuata ni ukuta wa bati unaotenga injini na chumba cha abiria. Matundu ya shafti ya usukani, pedali na masta silinda ya breki hufungwa upande wa kushoto na kutobolewa upande wa kulia, na bati huongezewa nguvu ili lisinepe breki inapokanyagwa. Dashibodi hukatwa na kuungwa upya, au hutengenezwa nyingine iliyo taswira ya ile ya kwanza katika kioo. Wipa hupangwa zisafishe kioo mbele ya dereva. Taa za mbele nazo hubadilishwa: taa za Marekani zikishushwa humulika zaidi kulia, na katika nchi ya kupita kushoto mwanga huo humwingia machoni dereva anayekuja.

Zipo njia za mkato. Moja ni kuacha boksi kushoto na kuliunganisha na usukani wa kulia kwa mnyororo unaopita nyuma ya dashibodi. Nyingine ni kuacha masta silinda mahali pake na kuisukuma kwa ufito unaokatiza gari. Mnyororo hulegea na huweza kukatika; ufito hujipinda, na nguvu ya mguu hupotea kabla ya kufika kwenye breki. Uhamishaji wa namna hiyo haustahili jina lake, kwa kuwa umehamisha mahali pa kushika na kuacha mfumo nyuma.

Kwa sababu hiyo sheria huingia. Australia, marekebisho ya magari huongozwa na kanuni ya kitaifa ijulikanayo kama VSB14, na uhamishaji usukani hukaguliwa na mhandisi aliyeidhinishwa kabla ya gari kusajiliwa. Jimbo la New South Wales huruhusu gari lenye umri wa miaka 30 au zaidi kubaki na usukani wa kushoto. Ruhusa hiyo imewapa wenye magari ya kale nafasi ya kuyatunza yalivyotoka kiwandani.

Istilahi hii ina matumizi pia miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili. Kenya, Uganda na Tanzania hupita kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo hupita kulia. Kiwango cha Kenya cha KS 1515 hudai gari linaloingizwa nchini liwe la usukani wa kulia, isipokuwa magari ya kazi maalumu. Katika hati za forodha, bima na gereji, “uhamishaji usukani” unaweza kutaja kazi yote: kuongoza, kusimamisha na kuona, vyote vikiwa vimehamia upande anakokaa dereva.