Shafti ya Land Rover na Jina la Kariakoo

Wahenga walisema mtaka cha uvunguni sharti ainame. Mimi niliinama kweli, msomaji, tena chini ya Land Rover 109 ya baba mdogo, gari kuukuu la jeshi lililouzwa mnadani zamani na kupita mikono mitatu kabla ya kumfikia yeye. Hilo ndilo linalobeba mkaa na mahindi, na ndilo lililonilipia ada mpaka kidato cha nne. Sasa shafti ya gurudumu la nyuma ilikuwa imekatika vipande viwili.

"Nenda Gerezani," baba mdogo akaniambia, akinihesabia noti. "Ukikosa, basi. Tunaliuza skrepa."

Duka la kwanza niliuziwa shafti mbio mbio. "Hii ndiyo yenyewe, bwana mdogo!" Nikairudisha nyumbani kifua mbele. Haikuingia. Kesho yake nikaenda kurudishiwa fedha, nikaambiwa mali ikishatoka dukani hairudi. Nusu ya noti za baba mdogo zilikuwa zimekwenda hivyo.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi, mwenye kibanda nyuma ya maduka. Nikamwamkia, nikampa shafti zote mbili. Akayahesabu meno ya mwishoni kwa ukucha, moja moja, bila haraka.

"Yako ina meno 24. Uliyouziwa ina 10. Mwanangu, spea hainunuliwi kwa jina. Inahesabiwa."

Nikamuuliza kama anaweza kujua gari letu limepita vita gani. Akacheka. "Namba ya chesisi itakwambia lilitengenezwa lini. Ukikwangua rangi utakuta ya kijani chini ya nyeupe. Lakini lilibeba nani, likampeleka wapi, chuma hakisemi."

Maneno hayo yalinikaa kichwani. Alipokuwa ananitafutia shafti, mimi nikawa nashinda Maktaba Kuu, Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Huko nikakuta kisa cha kuchekesha. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Mwingereza Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa na jeep ya Marekani shambani kwake, masalia ya jeshi, na spea zake zilimsumbua. Akaamua kutengeneza gari lake. Land Rover ikaonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, bodi yake ya alumini kwa kuwa chuma kilikuwa cha mgawo. Kumbe gari lenyewe lilizaliwa kwa shida kama yangu!

Na sisi masalia ya vita hiyo yalitufikia. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta mengi yalikuwa ya jeshi la Marekani, yamenunuliwa yakiwa yamechoka huko Ufilipino, yakashushwa bandari yetu ya Dar es Salaam. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta, vikaitwa Shervick. Ardhi ya Kongwa ikikauka ni ngumu kama sementi. Visiki na mizizi vikayamaliza. Spea haba, mafundi haba. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, na pauni milioni 36 hivi zikawa zimepotea.

Lakini kilichonishika koo si hizo pauni. Ni jina la mahali nilipokuwa nazunguka na shafti yangu mkononi. Waingereza waliiteka Dar es Salaam Septemba 1916, na kambi ya wapagazi wao ikawa hapo. Kikosi kiliitwa Carrier Corps; ulimi wetu ukakifanya Kariakoo. Katika vita ile mbung'o waliua farasi na ng'ombe, matope ya masika yakayanasa magari, basi mzigo wa jeshi ukahamia vichwani mwa watu. Wengi walikamatwa kwa nguvu. Makumi ya maelfu walikufa, zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi.

Bibi yangu husema babu yake alichukuliwa hivyo, akaondoka na blanketi, hakurudi. Siku moja nilitoka maktaba nikateremka Mtaa wa Maktaba mpaka Posta, kwenye sanamu ya Askari iliyowekwa mwaka 1927. Nimepita pale mara ngapi sijui, nikikimbilia basi. Safari hii nilisimama nikasoma. Maandishi yake yanawataja wapagazi pia, kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Yanawataja kwa jumla tu. Nikamtafuta babu wa bibi, kana kwamba ningemwona.

Shafti ilipatikana siku ya tano, imetolewa kwenye mzoga wa 109 nyingine. Meno 24, niliyahesabu mwenyewe mara mbili. Gari linatembea.

Riwaya yangu niliyokwama nayo miaka miwili nayo imesogea. Nilitaka kuandika juu ya majenerali. Nimeyachana yale makaratasi, naanza na mtu mmoja anayetoka kwao na blanketi. Nimemwomba bibi anitajie kila anachokumbuka: jina la kijiji, mvua ilivyokuwa, nani alilia. Anasema ninamchosha kwa maswali.

Nawe mwandishi mwenzangu, ukienda Kariakoo kununua viatu, kumbuka jina hilo lilitoka wapi. Kisha rudi nyumbani ukamuulize mzee wako, angali yupo.