Nyufa za nyumba za zamani Kolwezi

Kwetu Kolwezi, kijana akienda kuangalia nyumba ya kununua, hawezi kwenda peke yake, anakwenda na mzee. Kijana anahesabu vyumba na kuuliza bei. Mzee anazunguka nyuma, anainama, anapitisha kidole ukutani.

Desturi hii si ya zamani sana. Mji wetu ulianza 1937, na nyumba nyingi za kwanza za wafanyakazi zilijengwa na Union Minière, kampuni iliyozaliwa 1906. Nyumba ilikuja na kazi, na iliondoka na kazi. Mupasuko ukionekana, fundi wa kampuni ndiye aliyeitwa. Hata baada ya 1967, kampuni ilipotaifishwa na baadaye kuitwa Gécamines, wazazi wetu hawakujua kununua ukuta. Kisha mgodi wa Kamoto uliporomoka 1990, mishahara ikalegea, na kuanzia 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa ile iliyoitwa dipari volonteri (hiari yenyewe ilikuwa ndogo). Hapo ndipo nyumba ikawa akiba ya jamaa, na ufa ukawa shida ya mwenye nyumba.

Wazee walijifunza kusoma ukuta. Mupasuko mwembamba kama unywele juu ya lipu, huo ni lipu tu iliyokauka vibaya. Ule unaopanda kama ngazi toka kona ya dirisha, ukifuata viungo vya matafari, unasema fondasio imeshuka. Ukiwa mpana juu kuliko chini, basi upande mmoja wa nyumba unazama. Ukuta mmoja ukipakwa rangi mpya na mingine ikabaki michafu, uliza sababu. Njia bora ni kuweka alama ya kalamu kwenye ncha za ufa, kuandika tarehe, na kungojea mvua za Oktoba hadi Aprili zipite. Ila muuzaji gani atakungojea miezi saba?

Elimu hiyo ilitosha wakati hatari ilikuwa maji na udongo. Mwaka 2014, kule Kasulo, mtu aliyekuwa anachimba shimo ndani ya parseli yake alikuta madini ya kobalti. Muda si muda, wakrezeri walikuwa wanachimba uani, hata ndani ya vyumba, chini ya mahema ya plastiki. Njia za chini hazikujua mpaka wa parseli: unaweza kuwa hukuchimba hata koleo moja, na jirani yako amefika chini ya kitanda chako. Mwaka 2017 sehemu ya kartier ilizungushiwa ukuta ikawa ya kampuni, na jamaa nyingi zikahamishwa.

Katika Cité Gécamines adui ni mwingine. Mgodi uko karibu, baruti zinapigwa, na wakaaji walieleza nyufa za nyumba zao katika ripoti ya Amnesty International ya 2023.   Na hapo kazi ngumu ni kuonyesha ni upi wa zamani na ni upi wa baruti, kwa sababu hakuna aliyepiga picha ya ukuta kabla.

Mmoja wetu alinunua nyumba yenye kuta safi kabisa. Mvua ya kwanza ilipopita, sakafu ya jikoni ikaanza kulia tupu ukiikanyaga. Shimo lilikuwa limejazwa taka na udongo, likafunikwa kwa simenti. Majirani wote walijua. Yeye alikuwa ameuliza muuzaji tu.

Tangu hapo, tukienda na mzee, hagusi ukuta kwanza. Anavuka barabara, anamsalimu mama anayeuza makala, anaketi kidogo, halafu anauliza: “Mama, huku chini balichimbaka?”