Nani Ameisoma Ardhi ya Hanang?

Mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika baiolojia au ikolojia hukaa maktabani miezi mingi kabla hajapima jani wala udongo, kwani sharti kwanza aeleze ni nani waliomtangulia. Mtoto wa Masakta, wilayani Hanang, akianza kazi hiyo atagundua kwamba waliomtangulia kuandika juu ya nyasi na udongo wa kwao wengi walikuwa wageni.

Historia yenyewe ni ndefu. Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa baiolojia na kilimo Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902. Chini ya Waingereza, Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa hapo Amani, alionesha katika miaka ya 1930 jinsi udongo unavyobadilika kwa mpangilio kutoka mgongo wa kilima hadi bondeni. Wazo hilo hufundishwa duniani kote hadi leo. Charles Swynnerton na mtaalamu wa mimea B. D. Burtt waliichunguza mbung'o na vichaka vyake, wakafa pamoja katika ajali ya ndege mwaka 1938. Wafugaji na wakulima waliowaonesha njia na kuwatajia majina ya miti hawakutunukiwa shahada yoyote.

Baada ya uhuru, Jane Goodall, aliyefika Gombe mwaka 1960, alipata uzamivu Cambridge bila kuwa na shahada ya kwanza. Anthony Sinclair alianza kuchunguza nyati wa Serengeti katika miaka hiyo hiyo ya 1960. Kitivo cha Sayansi cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1965. Hata hivyo, ilituchukua muda kumwona Mtanzania kama Simon Mduma akiandika tasnifu yake juu ya nyumbu wa Serengeti (Chuo Kikuu cha British Columbia, 1996) na baadaye kuiongoza taasisi ya taifa ya utafiti wa wanyamapori.

Lakini tasnifu ninayowasisitizia wanafunzi wangu waisome haihusu hifadhi ya taifa. Ni ya Charles Lane, Chuo Kikuu cha Sussex, 1991, kuhusu malisho ya Wabarabaig wa Hanang.

Kisa chake ni hiki. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba ya ngano katika nyanda za Basotu. Mashamba yakafikia saba, yenye jumla ya ekari 100,000 hivi. Hoja iliyoyabeba ilikuwa ya kiikolojia, ingawa hakuna aliyeiita hivyo: kwamba ardhi ile ilikuwa tupu. Lane alionesha kinyume chake. Wabarabaig waligawanya malisho kwa aina na kwa msimu, wakahama kwa kufuata maji, chumvi na nyasi. Nyanda zenye rutuba waliziita muhajega. Walizilisha kwa muda, kisha wakaziacha zipumzike. Mpangaji aliyepita pale msimu wa mapumziko aliona uwanja usio na ng'ombe, akaandika kuwa hautumiki. Muhajega ulipolimwa, mifugo ilibanwa katika malisho dhaifu zaidi, mwaka mzima.

Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani, wakashinda Mahakama Kuu mwaka 1984. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilitengua ushindi huo. Miongoni mwa sababu zake, halmashauri ya kijiji haikuthibitisha kugawiwa ardhi hiyo kisheria, na wadai wengi hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria. Hebu fikiria: Mbarabaig, aliyewazika wazee wake chini ya bung'eda katika nyanda zile zile, anatakiwa kuthibitisha uenyeji wake Hanang! Na tasnifu ya Lane, iliyoeleza kwa takwimu na ramani kile ambacho wazee walikisema kwa mdomo, ilikamilika miaka sita baada ya hukumu.

Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuua zaidi ya watu 80 katika Katesh na vijiji jirani. Kuna mada za tasnifu kumi katika miteremko ile: mizizi ya miti, mikondo ya maji ya kale, kumbukumbu za wazee juu ya maporomoko yaliyotangulia. Mwanafunzi anayezungumza Kiiraqw au Kidatooga ataanza na faida ambayo Milne hakuwa nayo.

Utaratibu wetu wa sasa unamtaka abebe barua kutoka mkoani hadi wilayani, kwa mtendaji wa kata, kisha wa kijiji. Barua zinashuka vizuri. Matokeo hayashuki, kwa kuwa yameandikwa kwa Kiingereza na kufungiwa maktabani. Mimi huwataka ninaowasimamia waandike kurasa kumi za Kiswahili na kuzipeleka kijijini kabla ya utetezi, wazee wazisikilize na kusahihisha wakati tasnifu bado inaweza kubadilishwa. Wenzangu wengine husema hilo linachelewesha kuhitimu. Ni kweli, linachelewesha, kwa wiki tatu au nne hivi.