Kiunzi-nje cha kijeshi

Kiunzi-nje cha kijeshi ni mashine inayovaliwa na askari juu ya mwili wake ili kumwongezea nguvu, kumpunguzia uchovu au kumbebea sehemu ya mzigo. Huwa na fremu ya metali, plastiki ngumu au mikanda ya kitambaa imara inayofuata umbo la miguu, nyonga na mgongo. Aina zenye nguvu zake zenyewe huendeshwa kwa mota za umeme au kwa shinikizo la mafuta. Aina nyingine hutumia springi au mpira tu, bila betri wala injini.

Mashine hizi zimefanyiwa utafiti tangu miaka ya 1960, hasa nchini Marekani. Hata hivyo hazijawa vifaa vya kawaida vya askari wa miguu, na sababu kubwa ni nishati: ni vigumu kuipa mashine nguvu za kutosha bila kuifanya iwe mzigo mwingine.

## Jina

Jina limetoka katika biolojia. Wadudu, kaa na kamba hawana mifupa ndani ya mwili. Badala yake wana gamba gumu la nje linaloushikilia mwili na kuukinga. Gamba hilo huitwa kiunzi-nje. Binadamu ana kiunzi cha mifupa ndani ya mwili, na mashine inayozungumziwa hapa humwongezea kingine kwa nje.

## Mzigo wa askari

Haja ya kiunzi-nje inatokana na tatizo la zamani la majeshi, yaani uzito anaobeba askari. Silaha, risasi, maji, chakula, redio, betri, kofia ya chuma na fulana ya kuzuia risasi vyote huwekwa juu ya mtu mmoja. Wapimaji wa jeshi la Marekani waliofuatana na askari wa miguu nchini Afghanistan mwaka 2003 walikuta kwamba kila askari alibeba kwa wastani kilo 29 hivi wakati wa mapigano. Katika mwendo wa kawaida akiwa na shanta mzigo ulifika kilo 46, na katika safari ngumu zaidi ulifika takriban kilo 60.

Uzito wa namna hiyo huchosha kabla ya adui kuonekana. Huumiza magoti, vifundo vya miguu na uti wa mgongo, na madhara mengine hubaki hata baada ya mtu kuacha jeshi.

## Namna kinavyofanya kazi

Kiunzi-nje cha miguu hufanya kazi kwa kuupa mzigo njia nyingine ya kufika ardhini. Kwa kawaida uzito wa shanta hupita mabegani, mgongoni, nyongani na magotini. Mtu akivaa kiunzi-nje chenye fremu, uzito huo hushuka kupitia nguzo za metali zilizo kando ya miguu hadi kwenye nyayo za mashine.

Aina yenye nguvu huwa na sehemu kuu nne:

* fremu inayobeba uzito;
* vihisi, yaani vifaa vidogo vinavyotambua mwendo na mkazo wa viungo;
* kompyuta inayokadiria mvaaji anataka kufanya nini;
* mota au mitambo ya shinikizo la mafuta inayosukuma viungo, pamoja na chanzo chake cha nishati.

Kazi ya kompyuta ni ngumu kuliko inavyoonekana. Mtu hubadilisha mwendo bila kufikiri: huruka mtaro, hupiga magoti, huteleza, hugeuka ghafla. Mashine ikichelewa hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, humpinga mvaaji badala ya kumsaidia.

## Historia

Mvumbuzi Mrusi Nicholas Yagn alipata hataza nchini Marekani mwaka 1890 kwa kifaa cha kurahisisha kutembea, kukimbia na kuruka. Wazo la askari aliyevaa mashine lilienea zaidi kupitia riwaya ya *Starship Troopers* ya Robert Heinlein iliyotolewa mwaka 1959.

Jaribio kubwa la kwanza lilikuwa Hardiman, iliyoanza kutengenezwa na kampuni ya General Electric mwaka 1965 kwa msaada wa jeshi la Marekani. Ilikusudiwa kuzidisha nguvu za mtu mara 25, hata mzigo wa kilo 110 uhisiwe kama kilo 4 au 5 tu. Mashine yenyewe ilikuwa na uzito wa takriban kilo 680. Ilipowashwa yote kwa pamoja ilitikisika kwa nguvu bila kudhibitika, kwa hiyo haikuwashwa kikamilifu mtu akiwa ndani. Mwishowe ulifanikiwa mkono mmoja tu, na mradi ulikoma mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Kompyuta ndogo zilifufua utafiti huo. Mnamo 2001 DARPA, shirika la utafiti la Wizara ya Ulinzi ya Marekani, lilikuwa limeanza kugharimia miradi kadhaa. Chuo Kikuu cha California huko Berkeley kilionyesha miguu ya mashine iliyoitwa BLEEX mwaka 2004. Kutokana na kazi ya Berkeley ilitokea HULC, iliyochukuliwa na kampuni ya Lockheed Martin mwaka 2009. HULC ilikuwa na miguu ya titani na ilikusudiwa kubeba hadi kilo 91. Kampuni ya Raytheon Sarcos ilionyesha XOS 2 mwaka 2010. Vazi hilo la mwili mzima lilikuwa na nguvu nyingi, lakini lilipata nishati yake kwa bomba lililounganishwa na mtambo wa pembeni. Nchini Ufaransa kampuni ya RB3D ilitengeneza Hercule kwa msaada wa Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo.

Mwaka 2013 kamandi ya vikosi maalumu vya Marekani ilitangaza mradi wa TALOS, uliopewa na wengi jina la "Iron Man". Ulilenga kuunganisha kinga dhidi ya risasi, kiunzi-nje, mawasiliano na vipimo vya afya katika vazi moja. Ulimalizika mwaka 2019 bila kutoa vazi linalofaa kwa mapigano ya karibu, ingawa baadhi ya vipande vyake viliendelezwa peke yake.

Tangu hapo mkazo umehamia kwenye vifaa vidogo. ONYX ya Lockheed Martin husaidia magoti tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walitengeneza vazi laini la kilo 5 hivi, lenye mota na nyaya zinazovuta nyonga. Mwaka 2019 walionyesha kwamba lilipunguza nishati ya mwili inayotumika kwa asilimia 9.3 katika kutembea na asilimia 4 katika kukimbia.

## Tatizo la nishati

Betri ya lithiamu huhifadhi takriban wati-saa 150 hadi 250 kwa kila kilo. Dizeli ina takriban wati-saa 12,000 kwa kilo, ingawa sehemu kubwa hupotea kama joto ndani ya injini. Lakini injini hunguruma na kutoa joto linaloonekana katika kamera za usiku. Kelele ilikuwa sababu mojawapo ya askari wa majini wa Marekani kuacha mwaka 2015 mradi wa LS3, roboti ya miguu minne iliyokusudiwa kubeba mizigo. Kwa hiyo msanifu huwa na chaguo gumu kati ya betri inayokwisha mapema na injini inayomfichua askari.

Tatizo la pili ni uzito unaowekwa miguuni. Kilo moja iliyofungwa kwenye wayo huchosha mara kadhaa kuliko kilo moja iliyofungwa kiunoni, kwa kuwa huinuliwa na kurushwa mbele katika kila hatua. Utafiti wa jeshi la Marekani uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta kwamba askari waliobeba mizigo wakiwa na kiunzi-nje cha majaribio walitumia oksijeni nyingi zaidi kuliko walipobeba mizigo hiyohiyo bila kifaa.

Betri ikiisha mbali na kambi, kilichokuwa msaada hugeuka chuma cha kubebwa au kutupwa.

## Athari kwa vita vya baadaye

Katika filamu, askari wa kiunzi-nje hapenywi na risasi. Hali halisi inaelekea kwingine. Katika vita vya Ukraine droni ndogo na mizinga vimeonyesha kwamba askari huokoka zaidi kwa kujificha, kutawanyika na kuhama upesi, wala si kwa kuwa mzito. Vazi kubwa lenye joto na sauti ni shabaha rahisi.

Manufaa ya karibu yako nyuma ya mstari wa mapigano. Kombora moja la mzinga wa milimita 155 lina uzito wa kilo 43 hivi, na wapiga mizinga huinua mengi kwa siku. Mafundi, wapakiaji wa ndege na wabeba majeruhi nao hurudia kazi nzito katika eneo dogo, karibu na umeme. Kwa kazi hizo jeshi la Marekani limejaribu SABER, vazi jepesi lisilo na mota linalopunguza mkazo wa mgongo.

Kuna pia hatari kwamba nafuu itamezwa na mzigo mpya. Askari akipata msaada wa kubeba kilo 20, makamanda wanaweza kumwongezea vifaa vya kilo 20, na magoti yakabaki na maumivu yaleyale.

## Sheria na maadili

Kifungu cha 36 cha Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva, hudai kila nchi mwanachama ichunguze kama silaha au njia mpya ya vita inapatana na sheria ya kimataifa. Itifaki hiyohiyo hukataza kumshambulia mtu aliyeshindwa kupigana kwa sababu ya majeraha. Vazi linaloweza kumsimamisha wima mtu aliyezimia lingemfanya adui ashindwe kutambua kwamba huyo ni majeruhi.

Maswali mengine yanahusu askari mwenyewe: kama anaweza kukataa kuvaa mashine, nani anamiliki vipimo vya mwili wake vinavyorekodiwa na vihisi, na nani atamtibu akidhurika.

## Matumizi ya kiraia

Nje ya jeshi, viunzi-nje huwasaidia watu waliopooza miguu kusimama na kutembea, na hutumika katika viwanda. Nchini Marekani kifaa cha ReWalk kiliruhusiwa kutumiwa na wagonjwa nyumbani mwaka 2014. Nchini Japani Profesa Yoshiyuki Sankai wa Chuo Kikuu cha Tsukuba, aliyebuni kiunzi-nje cha HAL, amekataa uvumbuzi wake utumiwe kijeshi.

## Tazama pia

* Roboti
* Betri
* Arithropodi
* Mikataba ya Geneva