Sura za masultani katika stempu za Zanzibar

Pesa ya shaba ya Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, ya mwaka 1299 Hijria (1882), ina jina lake kwa Kiarabu upande mmoja na mizani upande wa pili. Sura yake haimo. Mjenzi huyo wa jumba la Beit al-Ajaib alitawala kwa jina na amri.

Sura za masultani zilianza kuzagaa baada ya 1890, Zanzibar ilipowekwa chini ya himaya ya Waingereza. Mwaka 1895 posta iliacha kuwa tawi la posta ya India, na kwanza ikatumia stempu za India zilizopigwa chapa ya jina la Zanzibar. Mwaka 1896 ikaja stempu ya Seyyid Hamed bin Thuwaini na bendera zake nyekundu, kazi ya kampuni ya De La Rue ya London.

Ufundi wa stempu hiyo una nasaba na ule wa Rembrandt, Mholanzi aliyemchora Jan Six wa Amsterdam mwaka 1647. Mistari huzamishwa katika bamba la madini, wino hupakwa, bamba hufutwa, kisha karatasi hugandamizwa hadi inyonye wino uliobaki kwenye mifereji. Rembrandt alitegemea zaidi tindikali. Mchongaji wa stempu alichimba kwa chuma chenye ncha kali. Fundi wa milango ya Mji Mkongwe huchimba ili ua lisimame. Kwenye stempu kinachoonekana ni lile shimo.

Hamed alifariki tarehe 25 Agosti 1896. Siku mbili baadaye mizinga ya Waingereza ilimng'oa Khalid bin Barghash, aliyejitwalia kiti cha enzi, kwa muda usiofika saa moja, akatawazwa Hamoud bin Mohammed. Stempu za Hamoud zilitoka 1899. Hadi hapo barua zilibeba uso wa marehemu. Za Ali bin Hamoud za 1904 zilikuwa na tughra tu, yaani jina la Sultani lililofumwa kwa hati ya mapambo, kabla ya sura kurudi 1908. Kuanzia 1913 ikawa zamu ya Khalifa bin Harub, aliyetawala hadi 1960.

Kadiri madaraka yalivyohamia kwa Mwingereza, ndivyo uso wa Sultani ulivyochapwa kwa wingi. Mapinduzi ya Januari 1964 hayakungoja bamba jipya kutoka ng'ambo: stempu zilizokuwapo, zikiwamo za Seyyid Abdulla bin Khalifa, ziligongwa mhuri wa JAMHURI 1964 zikaendelea kuuzwa.