Jani la Kweli, Mlima wa Kubuni: Jacob van Ruisdael na Wateja Wake

Husemwa kwamba uchoraji wa mandhari wa Uholanzi wa karne ya 17 ulikuwa kioo cha nchi: mchoraji alitoka nje ya mji, akatazama, akachora alichokiona. Jacob van Ruisdael, mzaliwa wa Haarlem aliyefariki mwaka 1682, ndiye huitwa kwanza kulitolea dai hilo ushahidi. Kazi zake zinalikanusha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1650 alisafiri hadi Bentheim, ng'ambo ya mpaka wa Ujerumani. Kasri la huko limekaa juu ya mwinuko wa wastani tu. Katika picha yake ya mwaka 1653, iliyoko Dublin, limepandishwa juu ya mlima wenye msitu mzito. Maporomoko ya maji ni hivyo hivyo. Mchoraji mwenzake, Allaert van Everdingen, alikwenda Skandinavia mwaka 1644 na kurejea na miamba na mito ya kasi iliyowapendeza wanunuzi. Ruisdael hakufika huko, lakini maporomoko aliyachora kwa wingi. Makanisa ya Kiprotestanti hayakuagiza tena picha za ibada, na mchoraji wa mandhari aliishi kwa kuuza sokoni. Basi alibuni kilichouzika.

Mahali ambapo mteja angeweza kumsahihisha, mkono wake ulikuwa mwangalifu. Katika picha ya Haarlem iliyoko katika makumbusho ya Mauritshuis, mawingu yamechukua takriban thuluthi mbili ya turubai, na mji ni mstari mwembamba uliotobolewa na Kanisa la Mtakatifu Bavo. Chini, vitambaa vya kitani vimetandazwa majanini kwa mikanda mirefu ili jua living'arishe. Kazi hiyo iliutajirisha mji, na kila mfanyabiashara wa Haarlem aliijua. Mwanga umepenya mawingu ukaangukia vitambaa, huku sehemu nyingine za uwanda zikibaki kivulini. Usahihi wa aina hii, pamoja na miti ambayo mtu anaweza kuitaja aina yake, ndio unaotufanya tuuamini hata mlima wa Bentheim.

Ila hoja hii ya soko inakwama Ouderkerk, safari fupi kutoka Amsterdam, kwenye makaburi ya Wayahudi wenye asili ya Kireno. Ruisdael aliyachora papo hapo. Kaburi la Eliahu Montalto, tabibu wa Malkia Marie de' Medici wa Ufaransa, linatambulika wazi. Kisha, katika picha mbili za rangi, zilizoko Dresden na Detroit, akayazungushia magofu, kijito na vilima katika nchi iliyo tambarare kabisa. Mnunuzi wa Amsterdam angeweza kwenda kuhakiki kwa macho yake, na mchoraji alilijua hilo. Mwaka 1816 mwandishi wa Kijerumani Goethe alimsoma Ruisdael kama mshairi mwenye fikra. Kwa maporomoko, nadhani alimpamba kupita kiasi. Kwa Ouderkerk, sina jibu lililo bora kuliko lake.