Hundi, deni na jela: kutoka Usui ya zamani hadi Ngara na Biharamulo ya leo

Hivi kuandika hundi ambayo haina pesa benki ni kosa la jinai, au ni deni tu kama madeni mengine? Uliza swali hili pale Nyakanazi, njia panda ya malori yanayokwenda Rusumo, Kigoma na Kahama, utapata majibu mawili. Anayedai atakwambia huo ni wizi, mtu alale ndani. Anayedaiwa atakwambia hakuna anayefungwa kwa deni. Wote wawili wana ukweli kidogo, na kila mmoja anaruka kipande kisichompendeza.

Nimekuwa nikilifuatilia jambo hili kwa muda, kwa sababu Biharamulo na Ngara ni wilaya ambazo zimejua biashara ya mkopo kwa miaka mingi kabla ya kujua benki. Nadhani mkanganyiko unaanzia hapo.

Tuanze na neno lenyewe. Hundi tumelipata kwa Wahindi. Kwao ilikuwa karatasi ya mfanyabiashara mmoja kumwagiza mwingine alipe kiasi fulani, na ilikuwa ikitembea Bahari ya Hindi yote kabla ya benki za Kizungu kufungua milango Zanzibar. Karne ya 19 misafara ya kwenda bara iliendeshwa kwa mkopo wa matajiri wa Kihindi wa Unguja. Taria Topan ndiye aliyemkopesha Tippu Tip. Tabora kulikuwa na Musa Mzuri, Mhindi aliyekuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufungua biashara ya Karagwe. Na njia ya Tabora kwenda Karagwe ilipita Usui, nchi ambayo leo imo ndani ya wilaya hizi tunazozizungumzia. Speke na Grant walipita hapo mwaka 1861 na wakakamuliwa hongo na mtemi Suwarora mpaka Speke akajaza kurasa kwa malalamiko.

Sasa fikiria mfanyabiashara wa wakati ule. Nyuma yake ana deni la Unguja, mbele yake ana hongo ya Suwarora. Pembe zisipopatikana anafanyaje? Wengi walichagua kutorudi pwani. Walibaki bara miaka na miaka, wakaoa, wakalima, wakimkwepa mdai. Hakukuwa na polisi wa kuwafuata Ujiji au Karagwe. Adhabu kubwa ilikuwa kuharibika jina: aliyeharibikiwa jina Unguja hakupata tena shehena ya shanga na nguo.

Waingereza walipoichukua Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walileta sheria za India. Kuanzia 1920 Kanuni ya Adhabu ya India ilitumika hapa, ikiwa na kifungu chake maarufu cha 420 kuhusu utapeli. (Wazee waliopenda sinema za Kihindi wanaikumbuka Shree 420 ya Raj Kapoor ya mwaka 1955. Hiyo namba ni ya kifungu hicho!) Mwaka 1930 tukapata Kanuni ya Adhabu yetu, ambayo baada ya marekebisho mengi ndiyo hii tunayoiita Sura ya 16. Sheria ya hati za malipo nayo ilinakiliwa kutoka sheria ya Uingereza ya mwaka 1882.

Lakini hizo hundi zilikuwa za nani? Si za mkulima wa Bugufi. Serikali hiyohiyo ya kikoloni ilikuwa na sheria ya kuzuia mkopo kwa wenyeji: asiye mwenyeji akimkopesha Mwafrika bila idhini ya maandishi ya ofisa wa serikali, hakuweza kudai mahakamani. Walisema ni kumlinda Mwafrika asinyonywe. Labda. Ila matokeo yake ni kwamba Mwafrika mwenye kahawa yake hakukopesheka, na asiyekopesheka hana haja ya kitabu cha hundi. Kwa miongo kadhaa tulikuwa na sheria kuhusu karatasi ambayo wananchi wengi hawakuwahi kuishika.

Walichoshika ni stakabadhi. Sheria ya vyama vya ushirika ilipitishwa mwaka 1932, na katika muongo huohuo wakulima wa kahawa wa Bugufi, ndani ya Ngara ya leo, wakawa na chama chao. Unapeleka kahawa, unapimiwa, unapewa karatasi, unasubiri. Miaka mingine pesa ilikuja mapema. Miaka mingine, hasa baada ya serikali kuvivunja vyama vikuu mwaka 1976 na kuvirudisha kwa sheria ya 1982, wakulima sehemu nyingi za nchi walikaa na karatasi mkononi msimu mzima na zaidi. Biashara ya kahawa ilipofunguliwa kwa watu binafsi katikati ya miaka ya 1990, wengi walikimbilia wanunuzi wale kwa sababu moja tu: walilipa papo hapo.

Jambo hili linanikera kidogo. Chama kikichukua kahawa ya watu elfu moja na kushindwa kulipa, hilo liliitwa tatizo la mtaji. Mtu mmoja akichukua magunia kumi ya maharage kwa hundi iliyokataliwa, huyo anaitwa tapeli na anapelekwa kituoni. Kisheria tofauti ipo, na ni ya msingi, lakini usimtegemee mkulima wa Rulenge aione haraka.

Tofauti ni hii. Kosa ambalo kwa kawaida mtu hushtakiwa nalo ni kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu, kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, ambalo adhabu yake inaweza kufika miaka saba jela. Udanganyifu wenyewe unaelezwa na kifungu cha 301: ni kueleza, kwa maneno, maandishi au matendo, jambo lililopita au lililopo, huku ukijua kuwa si kweli au huamini kuwa ni kweli. Soma tena hayo maneno, lililopita au lililopo. Ahadi ya kesho haimo. Mzizi wa kosa hili ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1757, na majaji wao walikubaliana mapema kwamba mtu anayesema "nitakulipa Jumamosi" na asilipe amevunja ahadi, hajadanganya kuhusu jambo lililopo. Mahakama ya Rufani ya Kenya ilisema hivyohivyo mwaka 1989 ikitafsiri kifungu cha kwao kinachofanana na hiki.

Sasa hundi inasema nini? Mwaka 1874, katika kesi ya Hazelton, mahakama ya Uingereza ilijibu kwamba anayekupa hundi anakueleza jambo la leo: kwamba ana mamlaka ya kuichora kwenye benki ile kwa kiasi kile, na kwamba kwa hali ilivyo italipwa. Hasemi lazima kwamba pesa zimo kwenye akaunti dakika hii. Anaweza kuwa na makubaliano na benki yake, au anajua pesa inaingia kabla hundi haijafika. Kwa hiyo hundi kukataliwa, peke yake, haithibitishi kosa. Upande wa mashtaka unatakiwa uthibitishe bila kuacha shaka kwamba alipoiandika alijua haitalipwa, kwamba alikusudia kulaghai, na kwamba ni kwa sababu ya hundi ile ndipo mali ilipotolewa.

Hilo la mwisho ndilo linaloangusha kesi nyingi, na ndilo watu wanalielewa kidogo zaidi. Tuseme mnunuzi amechukua mahindi yako Biharamulo mwezi wa sita kwa maneno ya mdomo, mwezi wa nane umemsumbua sana, akakuandikia hundi, benki ikaikataa. Umedhulumiwa? Ndiyo. Alijipatia mahindi kwa hundi ile? Hapana, mahindi yalishaondoka miezi miwili nyuma. Hundi ilikuja kulipa deni la zamani. Hapo utetezi una nguvu sana, na wakili mzuri hahitaji hata kumuuliza mteja wake kama alikuwa na pesa benki.

Halafu kuna hundi ya tarehe ya mbele, ambayo wafanyabiashara wetu wanaipenda kuliko aina nyingine yoyote. "Chukua hii, usiipeleke mpaka nivune." Ukiipokea kwa maneno hayo umekubali kwamba leo pesa hazipo. Utasemaje umedanganywa kuhusu kitu ulichokijua? Lakini mshtakiwa asishangilie mapema. Katika kesi ya Gilmartin ya mwaka 1983, mfanyabiashara wa vifaa vya kuandikia ambaye hali yake kifedha ilikuwa mbaya alinunua bidhaa kwa hundi nne za tarehe za mbele. Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilisema hata hundi ya namna hiyo inabeba maelezo kuhusu leo: kwamba mambo yalivyo sasa, tarehe ikifika italipwa. Kama unajua fika kwamba haitalipwa, umedanganya leo. Hukumu za Uingereza hazizifungi mahakama zetu siku hizi, ila bado husomwa.

Kuna pia utetezi wa kosa la kweli, kifungu cha 11, kwa mtu aliyeamini kwa nia njema hali ya mambo ambayo haikuwepo. Kwa wilaya za mbali huu si mzaha. Benki ya Taifa ya Biashara ilizaliwa mwaka 1967 baada ya kutaifishwa kwa benki, ikagawanywa mwaka 1997 na NMB ikarithi matawi mengi ya wilayani. Mpaka mfumo wa kusafirisha picha za hundi kwa kompyuta ulipoanza mwaka 2015, karatasi yenyewe ilibidi isafiri. Mtu wa Ngara aliyeweka hundi aliyolipwa na yeye, akaandika ya kwake akidhani ile imeshaiva, angeweza kujikuta matatani bila hila yoyote. Na aliyesimamisha malipo kwa sababu alidai ameletewa maharage mabovu anaweza kusimama kwenye kifungu cha 9, kudai haki kwa nia njema bila kusudio la kulaghai.

Kisichosaidia ni kuandika hundi ya akaunti uliyokwisha kuifunga na kuondoka na mzigo siku hiyohiyo. Wala kulipa baadaye hakufuti kosa, ingawa kunaweza kupunguza adhabu.

Pesa za karatasi ziliijia Ngara kwa kishindo mwaka 1994. Tarehe 28 Aprili wakimbizi wa Rwanda walianza kumiminika daraja la Rusumo, watu wapatao 250,000 kwa kama saa 24, na kambi ya Benaco ikawa kubwa kuliko miji yetu mingi. Mashirika yakafuata, na wilaya iliyozoea stakabadhi za kahawa ikajaa magari, zabuni na ajira. Mwaka 2005 mgodi wa dhahabu wa Tulawaka ukaanza uzalishaji Biharamulo, na wazabuni wa kule nao wakajifunza kusubiri malipo.

Majirani wamechukua njia tofauti. Kenya ina kifungu maalumu, 316A, kinachofanya hundi mbovu kuwa kosa lenyewe, mwaka mmoja jela au faini isiyozidi shilingi 50,000 za kwao, lakini kwa kosa la upungufu wa pesa kinaiacha nje hundi ya tarehe ya mbele. India ilitunga kosa la hundi mwaka 1988, ila mwandishi hupewa siku 15 baada ya notisi alipe kwanza. Dubai, ambako wafanyabiashara wa Kariakoo waliogopa hundi kama moto, ilibadilika Januari 2022: pesa kupungua kwenye akaunti si jinai tena katika hali nyingi.

Mimi naona mdai wa Biharamulo anakimbilia polisi kwa sababu polisi ni bure na ni karibu, kumbe njia ya madai ina meno kuliko anavyodhani. Amri ya 35 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai inaruhusu kesi ya muhtasari juu ya hundi: mdaiwa hawezi hata kujitetea mpaka aombe ruhusa ya mahakama. Akishindwa kesi na akakataa kulipa, anaweza kupelekwa gereza la madai kwa muda usiozidi miezi sita. Ila kuna sharti moja ambalo wengi wakilisikia hucheka: anayetaka mdaiwa wake awekwe humo ndiye anayetoa pesa za chakula chake.